Amebarikiwa kipaimara, sasa hataki tena kanisa

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora, Tanga. Mwanangu wa kwanza ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Alibarikiwa kipaimara miaka miwili iliyopita, akajibu maswali yote mbele ya usharika, tukafanya na sherehe. Tangu hapo kanisani anakuja kwa kusukumwa, na miezi hii hata kusukumwa hasukumiki. Jumapili asubuhi anakwenda mpirani. Mwaka jana bibi yake alifariki. Tulikuwa tukimwombea kila usiku, na juzi kijana akaniambia, "Mama, tuliomba, na bibi akafa. Sasa tunaomba nini?" Shuleni wenzake Waislamu wanamuuliza maswali juu ya Yesu, hawezi kuwajibu, anarudi nyumbani kimya. Baba yake ni Mkristo ila anafanya kazi za zamu, Jumapili kwake ni siku ya kulala. Wa pili wangu ni binti wa miaka 13, ndiyo kwanza ameanza mafundisho. Je, kaka yake nimlazimishe au nimwache? Nifanye nini ili imani yao idumu hata wakiwa mbali nami? Tena kijana ameanza kuhudhuria ushirika wa wanafunzi wa Kipentekoste pale shuleni, sijui nifurahi au niogope.

Jibu:

Dada yangu, asifiwe milele. Umeuliza mengi na nitayagusa yote, ila si kwa mpangilio ulioyaweka. Nitaanza na habari ya bibi yake, kwa sababu hapo ndipo mwanao alipo sasa hivi.

Kijana aliyekwisha kuachana na Mungu hamuulizi mama yake "Sasa tunaomba nini?" Anajiondokea tu. Wako bado anauliza, tena amekuuliza wewe, hakwenda kwa rafiki wala kwa mwalimu. Nimekaa muda mrefu na vijana wa kipaimara na wa sekondari hapa Tanga, na wenye maswali makali si wale wanaonipa hofu. Nawahofia wapole wanaoitikia "ndiyo" kwa kila jambo, maana siku wakitoweka hakuna anayeweza kusema walianza kuondoka lini.

Kwa hiyo usimjibu haraka. Najua majibu ya msibani yanavyokuja mdomoni: Mungu amempenda zaidi, kazi ya Mungu haina makosa, pengine hatukuomba kwa imani. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, na limeenea kwa sababu ya mahubiri yanayoahidi kwamba mwenye imani ya kutosha haugui wala hafiwi. Kijana akilimeza atabaki na moja kati ya mawili: ama aamini kwamba bibi amekufa kwa upungufu wa imani yake yeye, ama aamini kwamba sisi watu wazima tulimdanganya. Nimeona vijana wakiondoka kwa sababu ya kwanza na wengine kwa sababu ya pili. Wa kwanza huondoka wakiwa wamejeruhiwa zaidi.

Mwambie ukweli wako. Kama uliomba ukitumaini bibi yake apone, na alipofariki ukakosa maneno ya kumwambia Mungu, mweleze hivyo. Halafu fungueni Biblia pamoja, lakini msianzie kwenye mistari ya ushindi. Someni Zaburi ya 13, ambamo mwimbaji anamuuliza Bwana atamsahau hata lini. Kisha someni ya 88, ambayo ni ngumu zaidi: inaanza kwa kilio na inakwisha gizani, hakuna mstari wa mwisho unaoleta nafuu. Karibu theluthi ya kitabu cha Zaburi ni maombolezo ya namna hiyo. Watu wa Mungu waliyaimba, wakayatunza, wakawarithisha watoto wao, na hakuna aliyeona aibu nayo. Yesu naye msalabani alipolia, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" alikuwa akitamka maneno yanayofungua Zaburi ya 22.

Na akikubana akitaka jibu, mpeleke Gethsemane. Yesu aliomba kikombe kimwepuke, akaomba kwa jasho, na kikombe hakikuepushwa. Alikufa kweli. Imani yetu inasimama juu ya ombi ambalo halikujibiwa kama lilivyoombwa, na juu ya Baba aliyemfufua Mwana siku ya tatu. Ndiyo maana makaburini tunaimba. Mwanao huenda asikubaliane nawe jioni hiyohiyo, na si lazima akubali. Yule baba wa Marko 9 alimwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa. Hakuambiwa kwanza akamalize mashaka yake ndipo arudi.

Sasa maswali ya shuleni. Wewe unamlea mtoto Mkristo Tanga, mji ambao wenzake wengi wamekwenda madrasa tangu hawajaanza darasa la kwanza. Rafiki yake amehifadhi Suratul Ikhlas, isemayo kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, na anapomuuliza mwanao, "Mungu anakuwaje na mtoto?" mara nyingi anauliza kwa dhati kabisa. Wako naye amesoma mafundisho miaka miwili, amekariri Amri Kumi na maelezo yake, akasimama mbele ya usharika akajibu. Lakini swali ambalo angekutana nalo kila wiki uwanjani na darasani hakuna aliyemwandaa kwalo. Hili ni pengo letu sisi kanisa, wala si kosa lako.

Jibu lipo, na kijana wa kidato cha tatu anaweza kulielewa vizuri. Mwambie hivi: Wakristo hatusemi wala hatujawahi kusema kwamba Mungu alimpata mtoto kama wanadamu wanavyopata watoto. Injili ya Yohana inaanza kwa kusema kwamba Neno alikuwako tangu mwanzo, naye alikuwa Mungu, kisha Neno huyo akafanyika mwili. Tunamwita Mwana kwa sababu yeye mwenyewe alimwita Mungu Baba, na kwa sababu atokako ni kwa Baba, milele, pasipo siku ya kuanza. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea kwa sababu mwalimu mmoja wa Aleksandria aliyeitwa Ario alikuwa akifundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Wakakataa, wakakiri kwamba Mwana hakuumbwa, ni wa asili moja na Baba. Maneno hayo yamo katika Imani ya Nikea, iliyo katika liturujia yetu. Kijana akijua kwamba swali la rafiki yake lilikwisha kuulizwa na kujadiliwa miaka 1,700 iliyopita, na watu wenye akili, hatajiona tena mjinga peke yake.

Lakini usimtume akabishane. Sisi tuliokua wakati wa mihadhara tunajua jinsi ile ya viwanjani, huyu na Biblia yake na yule na Kurani yake, ilivyowaacha watu na hasira bila imani kuongezeka popote. Tanga ni mji wa kuzikana. Wengi wetu tuna mjomba msikitini na shangazi kanisani, tunakula pilau ya Idi na kupelekeana sahani ya Krismasi. Mfundishe kusema, "Sisi tunaamini hivi, na sababu yake ni hii. Ninyi mnasemaje?" Kisha asikilize. Na pale asipojua, aseme sijui, nitamuuliza mchungaji. Halafu mchungaji aulizwe kweli.

Kuna jambo jingine la kujifunza kwa majirani zetu hawa. Mtoto wa Kiislamu hapo mtaani kwenu haisikii tu dini yake, anaifanya. Ramadhani inapofika, mdogo anafunga hadi adhuhuri, mwaka unaofuata anasogeza mbele, hadi siku anafunga kutwa nzima na nyumba nzima inajua kwamba amekua. Anatawadha, anasimama safu moja na baba yake. Wetu tunamketisha kwenye benchi kwa muda wa saa mbili akitazama migongo ya watu, halafu tunashangaa kwamba amechoka. Nasi tuna Kwaresima, siku 40, na katika nyumba nyingi inapita bila mtoto kuona tofauti yoyote mezani. Mwaka huu fungeni pamoja mlo mmoja kwa wiki, wewe, yeye na binti, kwa hiari yao. Pesa ya mlo huo iwekwe kwenye kopo, na mwisho wao wawili waamue nani apewe, tena wampelekee wenyewe kwa mikono yao.

Kabla sijafika kwenye kulazimisha, nikueleze kilichoonekana kwa watu waliochunguza jambo hili kwa miaka mingi. Marekani, kati ya mwaka 2002 na 2003, kundi la watafiti likiongozwa na mwanasosholojia Christian Smith liliwahoji zaidi ya vijana 3,000 wa miaka 13 hadi 17, kisha likawafuatilia walivyokua. Walitarajiwa kuwa waasi, ikaonekana wengi wanashika dini ya wazazi wao. Tatizo lilikuwa kwamba wengi walishindwa kueleza wanaamini nini. Kwa wengi wao ilionekana kwamba mhojaji ndiye alikuwa mtu mzima wa kwanza kuwauliza. Mtafiti mwingine, Vern Bengtson wa chuo kikuu kimoja cha Los Angeles, alifuatilia familia zaidi ya 350 kuanzia mwaka 1970, babu, wazazi na wajukuu. Aliona kwamba imani huvuka kwenda kizazi kinachofuata pale ambapo mtoto anajisikia yuko karibu na mzazi, anapendwa, hasa na baba. Baba mshika dini sana lakini wa baridi nyumbani, imani yake ilivuka kwa shida.

Familia za Marekani si za Makorora, na kule jirani huwezi kumkemea mtoto wa mwenzako kama hapa. Hata hivyo ninayoyaona hapa hayapingani na hayo. Nikiwauliza vijana nani aliwahi kukaa naye akamweleza kwa nini yeye binafsi anamwamini Yesu, mikono huinuka michache. Wamehubiriwa sana. Hawajasimuliwa.

Hapo ndipo baba yao anapoingia. Usimgombeze kwa ajili ya Jumapili mbele ya watoto, wala usimfanye kijana aone kwamba dini ni chama cha mama dhidi ya baba. Mtu anayetoka zamu ya usiku ana haki ya usingizi wake. Mwombe kitu kimoja kidogo tu: siku moja akiwa na kijana, wakitengeneza baiskeli au wakienda sokoni, amweleze ni lini katika maisha yake alimwomba Mungu kwa shida, na ilikuwaje. Basi. Mwanamume ambaye haendi kanisani mara nyingi ana habari ya namna hiyo aliyoificha miaka, na mwana akiisikia mara moja hataisahau. Kumbukumbu la Torati 6 linaagiza maneno ya Mungu yanenwe "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Halikutaja mimbari hata kidogo. Kama baba hataki, yupo mjomba, yupo msimamizi wake wa ubatizo, ambaye wengi wetu tukishapiga picha tunamsahau hadi harusi. Mkumbushe huyo kwamba alijibu mbele ya Mungu. Ninachotafuta ni kijana awe na watu wazima watatu wanne, mbali na wazazi, wanaomjua kwa jina, wanaomuuliza habari zake na wanaomwombea. Na chagua watu ambao mwenendo wao unajulikana. Mazungumzo yafanyike mahali pa wazi, barazani au uani, na binti asiachwe peke yake na mwanamume ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama ni kiongozi wa kanisa.

Sasa kulazimisha. Tenganisha mambo mawili. Kwenda ibadani kama familia ni utaratibu wa nyumba yako, kama ilivyo kwenda shule na kusalimia wakubwa, na kwa mtoto wa miaka 16 aliye chini ya paa lako unaweza kuudai bila kuomba radhi. Lakini mpe nafasi ya kuchagua ndani yake: ibada ya kwanza au ya pili, akae nawe au akae na wenzake, Jumapili moja kwa mwezi aende mechi ikiwa timu inamtegemea. Yaliyo ya moyo usiyadai. Usimlazimishe kuimba kwaya, kutoa ushuhuda, kuomba kwa sauti, wala kushiriki Chakula cha Bwana siku ambayo mwenyewe anasema hawezi. Mtoto anayelazimishwa kukiri anajifunza kusema asichoamini, na akishaujua ujuzi huo atautumia maisha yake yote.

Usimpe maombi kama adhabu, ile ya "umekosea, kasome sura tano." Na tafadhali, dada yangu, usimpeleke kwenye maombi ya jumuiya kwa jina. Najua unafanya kwa machozi. Lakini kijana akisikia mtaani kwamba Jumamosi asubuhi kina mama walimwombea kwa kuwa hataki kanisa, ataona ameanikwa, na hatakuuliza tena swali kama lile la bibi. Mwombe Mungu chumbani kwako, mwambie na rafiki mmoja anayejua kunyamaza.

Mithali 22:6 najua unaijua: "Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee." Wazazi wengi wanaibeba kama hati ya dhamana, na mtoto akiyumba wanajiona wamelaaniwa. Mithali zinaeleza jinsi maisha yanavyokwenda kwa kawaida, hazikusainiwa kama mkataba. Kwenye Luka 15, katika mfano wa mwana mpotevu, baba hakuwa na kasoro ya malezi tunayoambiwa, na bado mwana aliondoka.

Nimefika kwenye lile ambalo kwangu ndilo kubwa. Mwanao alipewa nini cha kufanya siku iliyofuata kipaimara? Nadhani jibu unalo: hakuna kitu. Miaka miwili alitakiwa kila Jumamosi, daftari likakaguliwa, wazee wa kanisa wakamwita kwa jina. Akavaa suti, akala pilau, na Jumapili iliyofuata hakuna mtu aliyemhitaji. Tumejenga kipaimara kikawa mahafali, na watoto wametuelewa hivyohivyo.

Imani inayodumu, kwa yote niliyoyaona, ni ile ambayo kijana alikabidhiwa kazi yake mapema, kazi ya kweli ambayo asipoifanya kuna mtu atakosa kitu. Historia ya dayosisi yetu wenyewe ya Kilutheri inasema hivyo. Wamisionari Wajerumani wa shirika la Betheli walifungua kituo Mlalo, kule Usambara, mwaka 1891. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani waliondolewa na Waingereza, na makanisa yakabaki bila wachungaji wazungu kwa miaka. Hayakufa. Waliyabeba walimu na wainjilisti Waafrika, ambao wengi wao walikuwa wameanza kama wanafunzi wa shule za misheni, wakapewa vijiji vya kufundisha wangali vijana. Kama wangekuwa wamefundishwa kuketi tu na kusikiliza, sijui leo tungekuwa na usharika gani wa kuuita wetu huko milimani.

Kwa hiyo nenda kwa mchungaji au mwinjilisti wako, usimwombe amkemee kijana, mwombe ampe kazi. Kupanga viti na kubeba spika hakutoshi; hayo wanafanyishwa siku zote, na wanajua kwamba yeyote angeweza kuyafanya. Kama anapenda umeme na vyombo, akabidhiwe mitambo ya sauti pamoja na fundi mtu mzima, naye awe na ufunguo. Kama hesabu anaziweza, akae na mhazini wa vijana kuandika daftari la sadaka. Asome somo la Agano la Kale ibadani, akiwa amepewa wiki nzima ya kujiandaa. Afundishe watoto wa shule ya Jumapili, maana hakuna linalomlazimisha mtu kujua anachoamini kama kuulizwa na mtoto wa miaka saba.

Na kwa huyu wako nina moja maalumu. Katika mtaa wenu hakosi bibi mmoja mzee, rafiki wa marehemu bibi yake, ambaye macho hayamruhusu tena kusoma. Kijana aende kwake Jumamosi jioni nusu saa, amsomee sura moja na amnunulie vocha au sukari akitumwa. Usimwambie kwamba ni tiba ya huzuni yake. Mwambie bibi anahitaji msomaji, ambalo ni kweli. Bibi huyo atamsimulia mambo ya marehemu ambayo wewe huyajui, na atamwombea akimshika kichwa. Mara nyingi vijana walioshindwa kuongea na mchungaji wameongea na mzee wa namna hiyo.

Tazama pia kalenda. Mwanao mwakani atafanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, matokeo yatoke Januari, na kama atachaguliwa kidato cha tano ataripoti Julai. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka hana shule, hana pesa, ana simu. Katika miezi hiyo ndipo wengi wanapozama kwenye kubeti na kushinda kwenye vibanda vya kuonyesha mpira, na ajabu ni kwamba makanisa yetu hayana mpango wowote nayo. Wewe uwe nao. Kabla hajamaliza mtihani awe ameshajua atashinda wapi: kwa fundi anajifunza kazi, na siku mbili kwa wiki kwenye kazi ya usharika, hasa diakonia ya kutembelea wagonjwa. Akienda kidato cha tano mkoa wa mbali, mtafutie mapema jina la kiongozi wa UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo, wa shule ile na la mchungaji wa usharika wa karibu. Wiki mbili tatu za kwanza bwenini kijana hupata marafiki ambao huenda akakaa nao miaka yote miwili, na akifika bila kumjua mtu atachukuliwa na yeyote atakayemchangamkia kwanza.

Binti kwa sasa ana bahati, maana ndiyo kwanza anaanza. Katekisimu Ndogo anayoikariri iliandikwa na Martin Luther mwaka 1529, baada ya kutembelea sharika za Saksonia na kukuta watu hawajui hata Sala ya Bwana. Aliiandika kwa ajili ya mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Hakukusudia iishie darasani kwa mchungaji. Tena imejengwa kwa swali linalorudiwa baada ya kila kipengele: maana yake nini? Basi usimkague kama amekariri, mwalimu wake atafanya hiyo kazi. Jioni mkipika mwulize, "Leo mmefika wapi? Wewe unaelewaje hapo?" Akiuliza jambo usilolijua, lisubirishe na mkalitafute wote. Kaka yake akiwa karibu atasikia, na usishangae akichomekea neno.

Mwisho, ushirika wa Kipentekoste. Furahi kwanza. Kijana unayesema hasukumiki anakwenda mwenyewe kuomba na wenzake saa ya mapumziko, na hakuna mama aliyemtuma. Huko pengine amekuta anachokikosa kwetu: wenzake wa rika lake wanaoomba kwa sauti, wanaomuuliza hali yake, wanaompa nafasi ya kusimama mbele. Usimwambie kwamba ameacha kanisa lake. Mwulize wanafundishwa nini, na uombe kuhudhuria siku moja wakiwa na mkutano wa wazi. Ukifika, angalia kama Biblia inafunguliwa na kusomwa au mtu mmoja tu ndiye anayesema ameonyeshwa. Sikiliza kama wanadai fedha kwa watoto wasio na kipato, kama wanawaambia wagonjwa waache dawa, kama wanafundisha kwamba bibi alikufa kwa kukosa imani au kwamba mama Mlutheri hajaokoka hivyo asisikilizwe. Ukikuta mojawapo ya hayo, mtoe bila kuchelewa, na uende kwa mkuu wa shule ukiwa na mchungaji wako. Usipoyakuta, mwache aendelee, na kila wiki mwulize walisoma sura gani, nawe uisome.